Maswali Mnayotuuliza Kila Siku Kuhusu Kaktasi, Sakulenti na Vikorokoro vya Kaktasi

Watu wengi wanaoingia kitaluni kwetu hapa Tengeru, nje kidogo ya Arusha, husimama kwanza kwenye meza ya mbele: vikombe vyenye umbo la kaktasi, mishumaa ya kijani, kaktasi za kufumwa kwa uzi, wadoli wanaocheza na kuimba. Wakishacheka na kupiga picha wanapita ndani kwenye mimea yenyewe, na hapo maswali yanaanza. Tumekusanya hapa yale yanayorudi mara kwa mara. Vikorokoro tunavipenda na tunaviuza kwa moyo mmoja, ila mmea ulio kwenye chungu cha kuchekesha una mizizi na kiu yake, kwa hiyo majibu marefu zaidi yanahusu mimea.

Huu mmea ni kaktasi kweli?

Mara nyingi jibu ni hapana. Ile mimea mirefu yenye matawi mengi yaliyosimama wima, unayoiona ukipanda kutoka Mto wa Mbu kuelekea Karatu, ni euforbia, jamii nyingine kabisa ya mimea. Minyaa ya uzio, ambayo huku kwetu wengi huiita manyara, nayo ni euforbia. Lile taji la miiba lenye maua mekundu linalopandwa mbele ya nyumba kila mahali ni euforbia iliyotoka Madagaska.

Kaktasi asili yake ni Amerika, kuanzia Kanada hadi kusini kabisa mwa Ajentina. Ni aina moja tu inayopatikana porini Afrika, nayo ni Rhipsalis baccifera. Hiyo ukiiona huwezi kudhani ni kaktasi: haina miiba ya kuonekana, ina vijiti vyembamba vya kijani vinavyoning'inia kwenye matawi ya miti ya msituni, na hutoa vitunda vidogo vyeupe. Ipo hata kwenye misitu ya Tanzania.

Kutofautisha ni rahisi ukishaonyeshwa. Usogeze mmea karibu na macho na utazame pale mwiba unapoota. Kwenye kaktasi, miiba hutoka kwa vishada, na kila kishada kimekaa juu ya kidoa kidogo chenye manyoya, mara nyingi cheupe au cha kahawia. Maua nayo hutoka hapo hapo au karibu yake. Euforbia haina kidoa hicho. Miiba yake mara nyingi imeota miwili miwili kwenye ukingo wa shina, na ukiikwaruza hutoa utomvu mweupe mwingi. Usitegemee utomvu peke yake, kwa sababu baadhi ya mamilaria, ambazo ni kaktasi halisi, nazo hutoa utomvu mweupe. Kidoa ndicho cha kuaminiwa.

Tunasisitiza jambo hili kwa sababu ya usalama. Utomvu wa kaktasi hauna shida kubwa, wa euforbia unaweza kuumiza jicho vibaya. Tutafika huko.

Na sakulenti ni nini basi?

Ni mmea wowote unaohifadhi maji ndani ya jani, shina au mzizi ili upite kipindi cha ukame. Kaktasi zote, isipokuwa chache sana, zimo humo, pamoja na mishubiri, euforbia nyingi, na hata mkonge. Ndiyo, mkonge wa Tanga. Miche yake ya kwanza ililetwa mwaka 1893 na Mjerumani Richard Hindorf. Kati ya ile aliyoisafirisha ilipona 62 tu, na kutoka kwa hiyo yakaota mashamba yote tuliyoyasoma shuleni. Mmea ule ni agave wa Meksiko.

Zile kaktasi zenye kichwa chekundu au cha njano mmezipaka rangi?

Hapana, rangi hiyo ni yao. Ni mimea miwili iliyounganishwa kwa kubebesha. Kichwa cha juu ni kaktasi ndogo iitwayo jimnokalisia ambayo ilizaliwa bila klorofili, ile kemikali ya kijani inayouwezesha mmea kujitengenezea chakula. Mche wa namna hiyo ukiachwa peke yake hufa ungali mdogo. Wakulima wa Japani ndio waliogundua kwamba ukiukata na kuubebesha juu ya shina la kijani, shina hilo litaulisha. Leo Korea Kusini ndiyo inayojulikana zaidi kwa kuzizalisha kwa wingi.

Shina la chini, lile la pembe tatu, kwa kawaida ni kaktasi ya dragoni, ile ile inayozaa tunda la dragoni ambalo siku hizi linalimwa Tanzania na Kenya. Ukijua hivyo unajua pia namna ya kuitunza. Dragoni ni kaktasi ya misitu ya joto, inapenda maji zaidi kuliko kaktasi ya jangwani na haipendi baridi. Kichwa nacho huungua kwenye jua kali la saa sita mchana. Iweke mahali penye mwanga mwingi uliochujwa, kwa mfano kibarazani.

Tunamwambia kila mteja kabla hajalipa kwamba mmea huu hauishi muda mrefu. Miaka michache, kisha shina na kichwa vinachoshana. Ukitaka kuendelea nao, vunja kichanga kinachoota pembeni ya kichwa, ukibebeshe kwenye shina jipya. Tunafundisha bure, njoo na wembe safi.

Nimeona mahali kaktasi za bluu zinazometameta, na nyingine zina maua yasiyonyauka kamwe. Mnazo?

Hatuuzi, na hatutauza. Zile za bluu na zambarau zimepuliziwa rangi. Mmea unakula kwa ngozi yake ya kijani, na rangi inaziba mwanga. Ukiwa umenunua tayari, usiikwangue, utauchuna. Uweke kwenye mwanga mzuri na usubiri, maana sehemu mpya itakayoota juu itakuwa ya kijani, na hiyo ndiyo itakayouokoa.

Maua yasiyonyauka yamebandikwa kwa gundi ya moto. Ni maua makavu ambayo yana tabia moja ya kushangaza: hewa ikiwa na unyevu hujifunga, ikikauka hufunguka tena. Ndiyo maana mtu anaapa kwamba ua lake liko hai, amelishuhudia likifunga jioni. Liguse. Ua hai la kaktasi ni laini na lina ubaridi kidogo, hili linatoa sauti ya karatasi. Tazama pia chini yake, utaona tone gumu la gundi limekaa juu ya miiba.

Usiling'oe kwa nguvu, kwa sababu gundi hutoka na ngozi ya mmea na kuacha kidonda kinachokaribisha ukungu. Punguza ua kwa mkasi, gundi iache, mmea utaendelea kukua kulipita. Jambo hili linatuuma kwa sababu kaktasi hizo hizo, nyingi zikiwa mamilaria, zingetoa maua yao wenyewe baada ya msimu mmoja au miwili, taji zima la vimaua vya waridi kuzunguka kichwa, na mnunuzi hakuambiwa.

Nimwagilie mara ngapi?

Hakuna ratiba. Anayekuambia "mara moja kwa wiki" hajui nyumba yako, chungu chako wala dirisha lako. Kanuni yetu ni hii: mwagilia mpaka maji yatoke chini kwenye tundu, kisha usimwagilie tena mpaka udongo ukauke hadi chini. Juu pakikauka haitoshi. Chukua kijiti cha mishikaki, kichomeke taratibu hadi chini ya chungu, kiache dakika chache, kichomoe. Kikitoka na udongo ulioshikamana au kikiwa na rangi ya unyevu, subiri. Kikitoka kikavu, mwagilia.

Tahadhari kuhusu maelekezo ya mtandaoni. Mengi yameandikwa na watu wa Ulaya na Marekani, na yanasema usimwagilie kuanzia Novemba hadi Februari kwa kuwa ni kipupwe na mmea umelala. Kwetu Januari na Februari ni jua kali, na mmea unakua. Wakati wetu wa kupunguza maji ni Juni hadi Agosti, hasa kwa watu wa Arusha, Moshi, Lushoto, Iringa, Mbeya na Nairobi, ambako asubuhi ni baridi, na baadhi ya sehemu mawingu hukaa siku nzima. Udongo wakati huo haukauki upesi. Masika ndiyo hatari kubwa kuliko zote: kati ya Machi na Mei mimea iliyo nje iwekwe chini ya paa linalopitisha mwanga. Mvua ya siku moja haiui kaktasi. Mvua ya wiki tatu mfululizo inaua.

Kwa wateja wa Dar, Tanga, Mombasa na Zanzibar, adui wenu ni unyevu wa hewa. Vyungu vidogo vya udongo vinawafaa zaidi kuliko vya plastiki, na upepo ni dawa. Msipulizie maji kwenye majani.

Mmea ukikosa maji hukunjamana na kusinyaa, lakini ukiubonyeza bado ni mgumu. Unywesheni, baada ya siku chache utajaa. Mmea ukizidishiwa maji hulainika chini karibu na udongo, hugeuka njano kisha kahawia, na mara nyingine hutoa harufu. Huo kuuongezea maji ni kuumaliza. Ung'oe, ukate juu ya sehemu iliyooza, na tazama uso wa ulipokata: ukiona duara la kahawia katikati, kata tena juu zaidi, futa kisu kwa spiriti kila unapokata, endelea mpaka uone nyama safi tupu. Kisha uweke mahali pakavu penye kivuli kwa wiki moja au zaidi mpaka kidonda kifunge na kuwa kigumu. Ndipo uusimamishe juu ya udongo mkavu. Maji ya kwanza utoe baada ya mizizi kuanza.

Udongo gani?

Udongo mweusi wa bustani peke yake unaua, maana unashika maji mno. Sisi tunachanganya sehemu mbili za moramu ya volkano iliyochekechwa, punje za ukubwa wa dengu, na sehemu moja ya mboji iliyoiva vizuri. Watu wa Arusha na Moshi tumebarikiwa, moramu iko kila mahali. Ulipo kama haipo, tumia kokoto ndogo kabisa, matofali ya kuchoma yaliyopondwa, au mchanga mkubwa wa mto uliooshwa. Mchanga wa baharini usiuguse kwa sababu ya chumvi. Vipande vya mkaa mchanganye kidogo ukipenda.

Naweza kupanda kaktasi kwenye kikombe au bakuli nililonunua kwenu?

Ndiyo, tukishalitoboa. Kila kikombe cha kaktasi kinachouzwa kwa ajili ya kupandia tunakitoboa hapa hapa bila malipo. Tunatumia biti ya vigae, mwendo wa polepole, huku mtu mwingine akidondoshea maji ili kauri isipasuke kwa joto. Ukiwa na kikombe chako cha nyumbani chenye kumbukumbu, kilete, ila ujue kwamba kauri nyembamba mara nyingine hupasuka, na tutakuuliza kwanza.

Kama hutaki kitobolewe, panda mmea kwenye kikopo cha plastiki chenye matundu kisha kitumbukize ndani ya kikombe. Ukimwagilia, kitoe kikopo, kiache kichuje, ndipo ukirudishe. Kuweka kokoto chini ya chungu kisicho na tundu hakusaidii kitu, maji yanakaa pale pale na mizizi inayafuata.

Vyungu vya mawe tunavyouza vinachongwa Tabaka, kule Kisii, Kenya, kwa jiwe lile laini maarufu. Ni vizito, kwa hiyo vinafaa kaktasi ndefu ambazo upepo huangusha. Vyungu vilivyopakwa michoro ya Tingatinga visikae kwenye jua moja kwa moja, rangi hupauka. Mishumaa usiiache ndani ya gari.

Mdoli wa kaktasi anayecheza ni salama kwa mtoto?

Huyu mdoli amejaa Kariakoo na kwenye maduka yote ya watoto, na sisi tunaye. Anacheza, anaimba, na anarudia maneno unayomwambia. Mambo mawili tunayaangalia kabla hatujamweka mezani.

La kwanza ni nyimbo. Wadoli hawa hutengenezwa na viwanda vingi tofauti, na nyimbo hupakiwa bila uangalifu. Mwaka 2021 nchini Kanada, bibi mmoja alimnunulia mjukuu wake mdoli wa namna hii, na kwa kuwa alikuwa anakijua Kipolandi akasikia kwamba mojawapo ya nyimbo inazungumzia dawa za kulevya, tena kwa matusi. Muuzaji alimwondoa mdoli huyo sokoni. Kwa hiyo sisi tunawasha kila shehena mpya na kusikiliza orodha yote hadi mwisho. Ukimnunua mahali pengine, fanya hivyo kabla hujampa mtoto.

La pili ni betri. Kifuniko lazima kifungwe kwa skrubu. Betri ndogo za vidonge mtoto akizimeza huunguza koo ndani ya muda mfupi, na hapo ni kukimbilia hospitali bila kusubiri. Tunauza wale wa kuchaji au wa betri kubwa za kawaida tu. Na watoto wachanga wengine humwogopa, basi usimlazimishe, mrudishe kabatini hadi mtoto akue.

Zile kaktasi za kufumwa ni za nini?

Ni pambo, na ni kishikilia sindano kwa mafundi cherehani. Wanafuma kina mama wa jirani na kitalu. Ndani chini kuna mchanga kwenye mfuko ili zisianguke, juu kuna pamba. Ukitaka rangi ya sare ya harusi yako, lete kipande cha kitambaa tufananishe uzi. Hizi zinawafaa sana wanaoishi kwenye vyumba visivyo na dirisha la maana, ambako mmea hai ungeteseka, na tunawaambia hivyo waziwazi.

Nina watoto wadogo, paka na mbuzi. Nichukue ipi?

Chukua haworthia, echeveria au portulakaria. Ya mwisho huliwa na tembo kwao Afrika Kusini, na mbuzi wako naye ataila, kwa hiyo iinue juu.

Usichukue euforbia. Utomvu wake ukiingia jichoni huuma sana na unaweza kumfanya mtu asione kwa siku kadhaa. Osha kwa maji mengi safi yanayotiririka, robo saa nzima, kisha nenda hospitali. Hata mtu mzima akikata minyaa avae miwani na glavu, na asijiguse uso.

Waridi la jangwani, lile lenye shina nene chini na maua ya waridi yaliyokolea, ni mmea wetu wa Afrika Mashariki na Uarabuni, na watu wanauogopa kidogo kuliko inavyostahili. Wahadzabe wa Ziwa Eyasi huutumia kutengeneza sumu ya mishale. Tunauuza, kwa kuwa ni mzuri mno na unastawi kwenye joto la Dar kuliko kwenye baridi ya huku, lakini hatumuuzii mtu kabla hajasikia maneno haya. Ukiupogoa, nawa mikono kwa sabuni.

Kuna pia kaktasi ya masikio ya sungura, isiyo na miiba mirefu, ina vidoa vya njano vinavyoonekana laini kama mahameli. Mtoto hawezi kujizuia kuishika. Kila kidoa kina mamia ya vimiba vidogo kuliko unywele vinavyobaki kwenye ngozi. Ikitokea, usisugue. Bandika gundi ya karatasi, ile ya kufungia maboksi, juu ya ngozi na uibandue, rudia mara nyingi, vilivyobaki vitoe kwa kibanio chini ya mwanga mkali. Kwenye kitalu tumeiweka rafu ya juu kabisa.

Mshubiri na sansevieria, ile ya majani marefu magumu yaliyosimama wima, ni vizuri kwa nyumba ya watu, ila paka na mbwa wakizitafuna hutapika.

Kwa nini hamuuzi mpungate, ile kaktasi ya mashina bapa? Matunda yake si yanaliwa?

Yanaliwa, na ni matamu. Mpungate wa matunda, ule usio na miiba mingi, Meksiko unalimwa kama sisi tunavyolima migomba. Lakini mpungate una jamaa zake ambao wametuletea msiba, na wateja wengi hawajui kutofautisha.

Nenda Laikipia, Kenya. Mpungate uliletwa enzi za ukoloni kama ua na pambo. Leo umefunika malisho kwa maelfu ya ekari. Tembo na nyani hula matunda na kusambaza mbegu kwa kinyesi. Kipande kimoja kikidondoka kinaota mizizi. Mbuzi na ng'ombe wenye njaa wakati wa kiangazi hula matunda, vimiba vinawajaa mdomoni, kwenye ulimi na machoni, na wanashindwa kula majani mengine. Wafugaji wamepoteza mifugo kwa njia hiyo. Kuanzia mwaka 2014 wataalamu walianza kusambaza huko mdudu mdogo wa kochinili, anayefyonza mpungate huo tu hadi unanyauka, na anafanya kazi, ila ni kazi ya miaka mingi.

Sisi tuko kwenye mkoa wa wafugaji. Hatuwezi kuuza kwa elfu chache kitu ambacho kesho kitamfuata mfugaji wa Monduli au Longido. Kama unao nyumbani, tunakuomba jambo moja: usitupe vipande korongoni wala kwenye jalala la wazi. Vikaushe kabisa juu ya bati, au vichome, au vizike kwa kina.

Kwa sababu hiyo hiyo hatuuzi ile kalankoe inayozaa vitoto kwenye ncha za majani. Inapendeza sana dirishani, na watoto wanaifurahia, lakini kila kitoto kinachoanguka ni mmea, na ni sumu kwa ng'ombe.

Mimea yenu mnaichimba porini?

Hapana hata mmoja. Tunazalisha kwa mbegu, vipandikizi na majani. Kaktasi karibu zote, euforbia sakulenti, na mishubiri yote isipokuwa ile ya kawaida ya dawa, viko chini ya mkataba wa kimataifa wa CITES unaosimamia biashara ya viumbe vilivyo hatarini. Mkataba huo upo kwa sababu watu walichimba hadi vikakaribia kwisha. Ile kaktasi kubwa ya duara yenye miiba ya dhahabu inapatikana kwenye vitalu vya dunia nzima, ila porini kwao Meksiko imebaki michache, bwawa lilizamisha sehemu ya makazi yake na wachimbaji wakachukua mingine. Afrika Kusini, kuanzia mwaka 2019 hivi, wizi wa konofitamu, visakulenti vidogo kuliko kidole gumba, umepamba moto, vinachimbwa kwa magunia na kuuzwa ng'ambo. Hapa jirani, Kenya ilipiga marufuku uvunaji wa shubiri mwitu mwaka 1986.

Ukipewa kaktasi au mshubiri wa bei ya kutupa, wenye makovu, mizizi iliyokatika na udongo mwekundu wa porini, muulize muuzaji ameutoa wapi.

Sansevieria inasafisha hewa ya chumbani?

Habari hiyo inatokana na utafiti wa NASA wa mwaka 1989, uliofanywa ndani ya visanduku vilivyofungwa kabisa. Chumba chako kina mlango, dirisha na nyufa. Uhakiki uliochapishwa mwaka 2019 ulikadiria kwamba ili mimea ifanye kazi ya kubadilisha hewa kama dirisha, ungehitaji kati ya mimea 10 na 1,000 kwa kila mita moja ya mraba. Fungua dirisha. Sansevieria inunue kwa kuwa ni nzuri, inavumilia kivuli na kusahauliwa, na ni mmea wa Afrika.

Kaktasi yangu itatoa maua lini?

Inategemea aina. Mamilaria na rebutia ndogo huanza zikiwa na miaka miwili au mitatu. Ile kubwa ya miiba ya dhahabu huenda ukaisubiri miaka 15 au zaidi, tena ikiwa ardhini kwenye jua. Malkia wa usiku hufungua ua lake jeupe baada ya giza kuingia na asubuhi limelegea, kwa hiyo ukiona chipukizi limevimba na kuinua shingo, ita majirani usiku huo huo. Kwa zote, kinachokosekana mara nyingi ni jua. Mbolea ya naitrojeni nyingi itakupa mwili mnene bila ua.

Vitu vyeupe vya pamba vimeshika kwenye mmea wangu. Ni ukungu?

Ni wadudu wadogo waitwao vidung'ata. Chovya pamba kwenye spiriti, wafute mmoja mmoja, rudia kila baada ya siku tano kwa wiki tatu. Utoe mmea kwenye chungu uangalie na mizizi, huko ndiko wanakojificha. Mmea huo utenge na wenzake.

Tunataka sakulenti ndogo za kuwapa wageni harusini au kwenye kichen pati.

Tunafurahi sana na kazi hizi. Tuambieni miezi mitatu kabla, maana tunaotesha kutoka kwenye jani na tunataka kila mche uwe na mizizi yake siku ya kukabidhiwa. Ukija wiki moja kabla tutakuwa tunakuchomekea vikonyo vibichi, vitasimama vizuri kwenye picha na kufa baadaye nyumbani kwa shangazi. Tunapendekeza echeveria, haworthia na sedamu. Miiba tunaiepuka, kwa ajili ya magauni na watoto. Kila chungu kinakwenda na kikaratasi cha maelekezo kwa Kiswahili, na majina ya maharusi upande wa pili.

Mnatuma mikoani na nje ya nchi?

Mikoani ndiyo, kwa basi. Tunautoa mmea kwenye chungu, tunautikisa udongo wote, tunauacha ukauke siku mbili, kisha tunaufunga kwa magazeti ndani ya boksi lenye matundu. Usishtuke ukiupokea mkavu na bila udongo. Ndivyo unavyosafiri salama, ungekuwa na unyevu ungeoza njiani. Ukiupokea, upande kwenye udongo mkavu na usubiri siku kadhaa kabla ya maji ya kwanza.

Nje ya nchi ni kazi nyingine. Mmea unahitaji cheti cha afya ya mimea kutoka TPHPA, yaani Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania, na kama uko kwenye orodha ya CITES, kibali chake pia. Ndugu zetu mlioko Ulaya na Ghuba mnaotaka kubeba kamche kwenye begi, tafadhali msifanye hivyo, utanyang'anywa uwanja wa ndege na huenda ukatozwa faini. Bebeni kaktasi ya uzi.

Mmea niliununua kwenu unaumwa. Naweza kuurudisha?

Ulete, hata kama uliununua kwa mtu mwingine. Jumamosi asubuhi huwa tuna meza ya wagonjwa karibu na tangi la maji. Usiumwagilie kabla ya kuja, na uje nao ukiwa kwenye chungu chake na udongo wake ule ule, kwa sababu mara nyingi tatizo tunalikuta humo.